Umepigwa kalamu na mahasimu wana mkono wao? Kabla hujaenda kortini, soma hii

Kama unakaa Airport, huku Changamwe, jioni zetu unazijua. Jua likishalegea, kila kiwanja cha mchanga kina timu mbili, na pembeni kuna kundi la watu wazima ambao kila mmoja wao ni kocha. Ndege inashuka, kelele inameza kipenga cha refa, na mpira unaendelea kana kwamba hakuna kilichopita. Lakini hebu ondoa macho kwa wachezaji kidogo. Kuna anayebeba mfuko wa jezi. Kuna anayefunga bendeji na kukanda kifundo cha mguu kwa barafu. Kuna kijana aliyepanda ukuta, simu mkononi, anarekodi mechi ili kocha aitazame usiku.

Hao ndio ninaotaka tuongee habari zao leo. Pengine wewe ni mmoja wao, ama unatamani kuwa. Soka ya siku hizi si ya wachezaji na kocha peke yao. Kuna mkufunzi wa viungo, mtu wa video, tabibu wa timu, mtunza vifaa, msaidizi wa msaidizi. Kazi zimezaliwa, na vijana wengi wa huku kwetu wanazipata. Shida ni kwamba kazi hizi hupatikana kwa simu na hupotea kwa simu.

Sasa tuseme hivi. Wewe ndiye mtu wa video. Timu imepanda daraja, unatumiwa Sh15,000 kila mwisho wa mwezi kwa M-Pesa, karatasi hujatia sahihi hata moja. Wiki ya debi, neno linazagaa kwamba umewapelekea mahasimu kikosi kitakachoanza. Ukifuatilia, neno lenyewe limetoka kambi ya hao hao mahasimu: kuna afisa wao aliyeandika kwenye grupu la mashabiki kwamba wewe ni mtu wao tangu zamani. Hujaitwa, hujaulizwa. Asubuhi ukifungua simu unaona umetolewa kwenye grupu la timu. Hiyo ndiyo barua yako ya kufutwa kazi.

Utamshtaki nani? Timu yako iliyokutimua, ama wale wapinzani waliokuchoma?

Mtaani watakwambia mara moja: wote, bwana, washtaki wote! Mahakamani jibu ni refu kidogo. Nimekaa nikazipitia kesi za watu waliotimuliwa kwenye soka, za hapa kwetu na za ng'ambo, na nakuletea nilichokiona.

Tuanze na ile ambayo kila shabiki wa Harambee Stars anaikumbuka, kwa sababu nusura itutoe kwenye mchujo wa Kombe la Dunia kabla hatujagusa mpira.

Adel Amrouche, Mbelgiji mzaliwa wa Algeria, alipewa Stars Februari 2013. Kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka kadhaa na Burundi, kwa hivyo ukanda huu hakuwa mgeni. Desemba 12 mwaka huo, Sikukuu ya Jamhuri, Kenya ikitimiza miaka 50 ya uhuru, Stars wakaipiga Sudan 2-0 uwanjani Nyayo na kutwaa Kombe la CECAFA. Allan Wanga alifunga yote mawili. Siku ile ungemwambia mtu Amrouche atafutwa baada ya miezi minane angekucheka.

Mwaka 2014 mambo yakageuka. Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilimfungia mwaka mmoja kwa madai ya kumtemea mate afisa wa mechi katika mchuano wa kufuzu dhidi ya Comoro. Yeye alikana. Kisha ikaja Lesotho. Stars walilala 1-0 kule Maseru, wakarudi Nairobi mwanzoni mwa Agosti na kutoka sare tasa. Lesotho! Shirikisho la Soka Kenya (FKF), wakati huo likiongozwa na Sam Nyamweya, halikungoja. Amrouche alipigwa kalamu na benchi lake la ufundi likavunjwa. Mskoti Bobby Williamson, aliyekuwa ameipa Gor Mahia taji la ligi la 2013, akakabidhiwa timu.

Mitaani watu walishangilia. Kocha kafungiwa, kapigwa na Lesotho, angebaki kufanya nini? Hakuna aliyeuliza mkataba wake unasema nini. Aliyeuliza ni Amrouche mwenyewe.

Alipeleka malalamiko FIFA. Miaka ikapita. Nyamweya akaondoka, Nick Mwendwa akaingia Februari 2016, lakini deni halikuondoka na aliyelisababisha. Kufikia mwaka 2020 lilikuwa limefika takriban Sh109 milioni, na FIFA ikaipa FKF makataa ya Aprili mwaka huo: lipeni, ama Kenya iondolewe kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la 2022. Hatimaye Stars walicheza mchujo huo, kundi moja na Mali, Uganda na Rwanda. Lakini fikiria vile taifa zima lilivyokaa roho juu kwa sababu ya karatasi moja iliyotiwa sahihi na kisha kusahaulika kwenye droo.

Na Williamson je? Naye alitimuliwa Februari 2016, siku chache baada ya Mwendwa kushika usukani, na Stanley Okumbi akachukua nafasi. Naye akaenda mahakamani, hapa hapa Kenya, na akatunukiwa takriban Sh55 milioni. Makocha wawili mfululizo, kosa ni lile lile. Shirikisho lilidhani kupoteza mechi, au kubadilika kwa uongozi, kunatosha kufuta mkataba. Hakutoshi.

Lakini angalia: hawa wote wawili walimshtaki mwajiri. Hakuna aliyeishtaki Lesotho. Swali letu lilikuwa la mpinzani, na hapo tena Amrouche anatufaa, maana jamaa huyu hakosi visa.

Machi 2023 alichukua Taifa Stars ya Tanzania. Septemba mwaka huo alitoka sare tasa na Algeria, nchi aliyozaliwa, tena huko huko Annaba, na Tanzania ikafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Januari 2024, kule Ivory Coast, kabla ya mechi ya kwanza dhidi ya Morocco, alihojiwa na kusema Wamorocco wana nguvu kubwa mno ndani ya CAF, hadi katika mambo ya marefa na saa za mechi. Shirikisho la Morocco likapeleka malalamiko. Januari 17 Tanzania ikapigwa 3-0, na CAF ikamfungia Amrouche mechi nane na kumtoza faini ya dola 10,000. Shirikisho la Tanzania (TFF) likamsimamisha. Aliyeshika timu ni Hemed Suleiman, ambaye jina lake la utani, amini usiamini, ni "Morocco".

Hapa mpinzani ana mkono, na mkono wenyewe unaonekana. Bila malalamiko ya Morocco huenda mambo yangepita. Je, mtu katika hali hiyo anaweza kumshtaki mpinzani kwa kumharibia kazi? Tukichukua sheria tunayoitumia hapa Kenya, iliyotokana na ile ya Waingereza, ni vigumu sana. Anayepeleka malalamiko kwa chombo kinachohusika, kwa nia safi, analindwa, hata kama malalamiko hayo yatamgharimu mtu kibarua chake. Ulinzi huo huvunjika ukithibitisha kwamba alijua anasema uongo, ama alisukumwa na chuki tu. Kuthibitisha moyo wa mtu ni kazi, ndugu yangu.

Ukitaka kujua ni kazi kiasi gani, tuvuke bahari kidogo hadi Marekani. Kule timu za vyuo vikuu ni biashara kubwa, na football wanayosema si hii yetu, ni ile ya mpira wa yai na helmeti. Todd McNair alikuwa mkufunzi msaidizi wa Chuo Kikuu cha Southern California (USC). Mwaka 2010 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliiadhibu USC kwa sababu ya zawadi ambazo nyota wake, Reggie Bush, alidaiwa kupokea, na McNair akatajwa kwamba alijua na hakusema ukweli. Mkataba wake haukuongezwa. Tangu hapo kila chuo kingine kikawa kinamwangalia kama mtu mwenye ukoma.

Kamati za nidhamu za NCAA huwa na maafisa wanaotoka vyuo vingine, yaani vyuo vile vile vinavyogombea vikombe na wachezaji na USC. Kwa hivyo mtu akihisi amehukumiwa na wapinzani wake, si kichaa. Mwaka 2011 McNair alifungua kesi ya kuharibiwa jina. Ilichukua miaka saba kufika mbele ya baraza la wazee wa mahakama, na mwaka 2018 wakampinga, 9 kwa 3. Jaji akaamuru isikizwe upya. Mwaka 2021 pande zote mbili zikakubaliana nje ya mahakama. Miaka kumi! Kijana aliyeanza darasa la kwanza siku kesi ilipofunguliwa alikuwa kidato cha tatu ilipofungwa. Tena huyu alikuwa na mawakili wa kulipwa, na mahakama ilifungua barua pepe za ndani za wajumbe zilizomsaidia. Wewe unayo picha ya skrini ya grupu la WhatsApp.

Sikuvunji moyo. Picha ya skrini nitarudi kwake.

Kuna njia nyingine ya kumfikia mpinzani, na hii ni ya kale kuliko soka yenyewe. Tuseme kuna vikundi viwili vya taarabu hapa Mombasa, na kimoja kina mwimbaji ambaye watu wanamfuata kila harusi. Amekubali kwa mkataba kuimba na kikundi chake tu msimu mzima. Kikundi cha pili kinamjia usiku, kinaongeza pesa, anahama. Anayeumia ni yule mwenye kikundi cha kwanza. Je, amshtaki mwimbaji peke yake, ama pia huyo jirani aliyemtongoza?

London, mwaka 1853, ndilo lililotokea, ila badala ya taarabu ilikuwa opera. Mwimbaji aliitwa Johanna Wagner, mwenye ukumbi Benjamin Lumley, na mpinzani wake Frederick Gye. Majaji wakaamua kwamba anayemshawishi mtu avunje mkataba wake na mwingine, huku akijua mkataba upo, anaweza kuwajibika. Kanuni hiyo ilisafiri na meli za wakoloni na bado inatajwa katika mahakama zetu. Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo watu huiruka: kesi iliporudi kwa baraza la wazee wa mahakama, Lumley alishindwa, kwa sababu walimwamini Gye aliposema alidhani mkataba ule haumfungi Wagner. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akashindwa.

Igeuze sasa ikufae wewe. Wewe si Lumley, wewe ndiye Wagner, ila hukuhama, umefukuzwa. Unasema kwamba mahasimu waliishawishi timu yako ivunje mkataba wako. Inawezekana kisheria. Lakini utapaswa kuonyesha mambo manne: kwamba mkataba ulikuwepo, kwamba mahasimu walijua upo, kwamba walikusudia uvunjwe, na kwamba ulivunjwa kweli. Timu yako ikisema ilikupa notisi na malipo yako yote kihalali, basi hakuna kilichovunjwa, na kesi ya mpinzani inakufia mikononi.

Ndiyo maana wanaojua mambo haya huanzia nyumbani, kwa mwajiri. Kwa kweli hapo ndipo kijana wa Airport ana nguvu kuliko anavyofikiri.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatambua hata mkataba wa mdomo. Ukiajiriwa kwa miezi mitatu au zaidi, mkataba unapaswa kuandikwa, na wajibu wa kuuandika ni wa mwajiri, si wako. Asipokuwa na karatasi, ukisema "tulikubaliana hivi", mzigo wa kukanusha unamwangukia yeye. Wangapi wanajua hilo? Nimekaa vijiweni na vijana wanaosema, "Mimi sina contract, sina kesi." Kumbe aliye na shida ya karatasi ni mwenye timu.

Kisha kuna kifungu cha 41. Kabla ya kukufuta kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi mbovu, mwajiri lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na asikilize utetezi wako. Hata kama umekamatwa na mpangilio wa kikosi mkononi! Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu ya kukufuta, asipoweza ufutaji unahesabiwa si wa haki. Kukutoa kwenye grupu alfajiri si kukusikiliza.

Fidia ya kufutwa isivyo haki haizidi mshahara wa miezi 12. Kwa Sh15,000 yako hiyo ni Sh180,000, ukipewa yote, na mara nyingi mahakama hutoa pungufu. Ongeza malipo ya notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, na mishahara uliyokuwa unadai. Si Sh109 milioni. Lakini ni pikipiki, ama ada ya chuo, ama kodi ya nyumba ya mwaka na zaidi.

Mtego mkubwa utakaokutana nao ni neno "kujitolea". Timu itasema: huyu hakuwa mfanyakazi, alikuwa shabiki aliyejitolea, tulikuwa tunampa nauli. Hapo ndipo taarifa yako ya M-Pesa inakuwa shahidi. Kiasi kile kile, tarehe zile zile, kutoka nambari ile ile ya mweka hazina, mwezi baada ya mwezi: nauli haiji hivyo. Nani alikuwa anakupangia saa za kufika? Nani alikuwa anakuadhibu ukichelewa? Mahakama hutazama hayo kuliko jina ulilopewa.

Una miaka mitatu kufungua kesi ya kazi. Kesi hizi husikizwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Mombasa, na tangu 2018 mahakimu nao wanaweza kuzisikiliza ikiwa mshahara hauzidi Sh80,000 kwa mwezi. Kwa hivyo hauhitaji kupanda basi la usiku kwenda Milimani.

"Na FIFA je?" nakusikia ukiuliza. "Mbona Amrouche alienda?" Alienda kwa sababu alikuwa mgeni. FIFA husikiliza mizozo ya kocha na klabu au shirikisho pale ambapo pana sura ya kimataifa, kwa mfano kocha Mbelgiji na shirikisho la Kenya. Kocha Mkenya na timu ya Kenya, hapana. Hayo ni yenu wenyewe. Na hata ungekuwa mgeni, kanuni za makocha ambazo FIFA ilianza kuzitumia Januari 2021 zinamhusu anayefundisha, anayechagua wachezaji au kupanga mbinu, ama ambaye kazi yake inahitaji leseni ya ukocha. Mtu wa video hayumo. Mtunza jezi hayumo. Tabibu hayumo.

Mimi hili linanikera, na nitalisema. Kocha wa kutoka Ulaya akifutwa ana bunduki ambayo inaweza kuitoa nchi nzima kwenye Kombe la Dunia. Msaidizi wake Mkenya, aliyefutwa siku ile ile na barua ile ile, hana. Ndiyo maana mashirikisho yanamlipa wa kwanza mbio mbio yakisukumwa, na wa pili anaambiwa "vumilia, tunasubiri pesa za wizara".

Kuna pia Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Jopo hili ni la maana ukitaka kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa shirikisho, kama umefungiwa kwa mfano, ikiwa kanuni za shirikisho zinaruhusu. Lakini mizozo mingine ya michezo huenda kwake pande zote zikikubali. Sasa niambie, afisa aliyekuchoma kwenye grupu atakubali kwenda?

Turudi basi kwa huyo afisa, maana najua ndiye anayekuuma. Aliyekufukuza unaweza hata kumsamehe. Aliyesema uongo ndiye unayemwona ukifumba macho.

Kesi yake si ya kazi. Ni ya kuharibiwa jina, na huenda mahakama ya kawaida. Utaonyesha kwamba alichosema ni cha uongo, kwamba kilikuhusu wewe, kwamba watu wengine walikisoma, na kwamba kimekushusha mbele ya watu wenye akili timamu. Kuandika kwenye grupu lenye watu wengine ni kuchapisha, haihitaji gazeti. Kumwita mtu wa video wa timu kibaraka wa mahasimu kunamgusa kwenye kazi yake moja kwa moja, na hapo una hoja nzuri.

Ila saa inakimbia. Kwa kesi ya kazi una miaka mitatu, lakini kwa ya kuharibiwa jina una miezi 12 tu. Vijana wengi humaliza kwanza kuhangaika na mwajiri, mwaka unapita, wakigeuka kwa mchongezi mlango umeshafungwa.

Utamshtaki nani hasa? Kama ni klabu iliyosajiliwa na ina hadhi yake kisheria, vyema. Timu nyingi za mtaani ni chama cha watu tu, kwa hivyo utawataja maafisa wenyewe, mwenyekiti, katibu, na huyo aliyeandika. Kumtaja aliyeandika peke yake mara nyingi ndiko rahisi zaidi. Klabu itasema hakutumwa.

Na ile picha ya skrini. Kwa Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, ushahidi wa kielektroniki huambatana na cheti kinachoeleza ulitolewa kwenye kifaa gani, vipi na nani. Wakili atakuandalia, lakini lazima kifaa kiwepo. Nimesikia visa vya vijana waliouza simu kulipia nauli ya kumwona wakili, wakafika kwa wakili bila kesi. Usiuze simu. Usifute mazungumzo, hata yale uliyojibu kwa hasira na matusi. Upande wa pili wanayo, na ukiyafuta utaonekana mwongo. Na tafadhali, usiingie kwenye grupu la mashabiki kumjibu yule bwana kwa lugha yake, usije ukageuka mshtakiwa.

Utaniuliza kama inafaa. Kumshtaki mpinzani, namaanisha, katika mji ambapo mwenyekiti wa mahasimu ni mjomba wa jirani yako na mnakutana kila Ijumaa msikitini? Sina jibu la kukupa. Wapo watakaopelekana kwa wazee, aliyesema uongo akaandika kwenye grupu lile lile kwamba alikosea, na kijana akarudishwa kazini kabla ya debi ya marudiano. Kama nia yako ni jina lako kusafishwa, hilo lina thamani kuliko miaka kumi ya McNair. Lakini maridhiano hayasimamishi ile miezi 12. Kaa na wazee, ila hesabu siku.

Amrouche naye hakukaa kulia. Machi 2025 alitangazwa kocha wa Rwanda, timu yake ya nne katika ukanda huu baada ya Burundi, Kenya na Tanzania. Bila shaka mkataba aliusoma.

Wewe kesho jioni, kabla hujapanda ukuta kurekodi, mwandikie katibu wa timu ujumbe mfupi wa heshima: "Kaka, naomba unithibitishie, kazi yangu ni ipi, malipo ni ngapi kwa mwezi, na nani ninayeripoti kwake?" Akijibu, piga picha ya skrini na uitume kwa mtu unayemwamini. Asipojibu, piga picha ya ujumbe wenyewe, na ile tiki mbili za buluu.